Ombi la Kumhamisha Mwalimu Goreti Kabla ya Jumanne

Twaha Shaban,
Chinongwe, Ruangwa.
(Sanduku la posta sina. Jibu mpe yeyote anayekuja huku kwa bodaboda, wote wananifahamu.)

Jumamosi, 19 Oktoba.

Ndugu Afisa Elimu Kata,

YAH: MWALIMU GORETI KUHAMISHWA HARAKA, IKIWEZEKANA JUMATATU

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ukishamaliza kuhusika tafuta kiti, maana barua ni ndefu na mwandiko ni wa mtu aliyeishia kidato cha pili, ila akili iliendelea yenyewe.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ndiye niliyefundisha watoto wengi kuliko mwalimu yeyote, hata ukichukua Nachingwea na Ruangwa ukaziweka kwenye kapu moja. Sijawahi kushika chaki. Chuo cha ualimu nimekiona kwenye kalenda tu, na cheti changu kikubwa ni kadi ya kliniki niliyopimiwa uzito. Lakini pita karibu na darasa lolote la huku. Ukisikia mwalimu anauliza, "Tumeelewa?" na watoto wakajibu, "Ndiyooo mwalimuuu," kwa sauti moja iliyonyooka, bila mmoja kuwahi wala mmoja kuchelewa, ujue hapo umepita mkono wa Twaha.

Kabla yangu watoto walikuwa wanaitikia hovyo. Mwingine ndiyo, mwingine mmh, mwingine kimya anakuna goti, na mwalimu akiona hivyo anapata mashaka, anarudia somo. Mimi nilianza kazi nikiwa darasa la tatu kule Mtua, nilipokuwa nakaa kwa mjomba, nikaja kuikamilisha huku Chinongwe. Niliwafundisha Ndiyo za aina tatu. Kuna Ndiyo fupi, ya asubuhi, mwalimu akiwa na hasira. Kuna Ndiyo ya kichwa, haina sauti, ni ya mwalimu akikutazama wewe peke yako. Na kuna Ndiyo ya mkia, ile ndefu, ya dakika mbili kabla ya kengele ya mapumziko. Hiyo ya mkia hakuna mwalimu aliyewahi kuishinda. Akiisikia anafuta ubao.

Muulize Mwalimu Silvanus, ambaye sasa amestaafu na anafuga mbuzi wake kwa amani. Yeye aliandika ubaoni, akasoma alichoandika, akauliza tumeelewa, tukasema ndiyo, akafuta. Ikifika mwezi wa saba silabasi imekwisha, miezi iliyobaki tunamwagilia bustani. Yeye alitupenda, sisi tulimpenda. Hakuna aliyemsumbua mwenzake.

Nilipoingia sekondari masomo yakageuka Kiingereza. Wenzangu wakalia. Mimi nikaigeuza Ndiyo ikawa Yesi, mambo yakaenda freshi miaka miwili, mpaka siku ya mtihani, ambao kwa bahati mbaya haukuwa na swali hata moja la kujibiwa Yesi. Lakini hayo ni makosa ya watunga mitihani na nitawaandikia barua yao.

Sasa nakuja kwenye shida. Mwezi wa kwanza mlituletea Mwalimu Goreti, mgeni, ametokea Ngara huko kwenye migomba. Mkampa darasa la tano, ambalo ndani yake yumo mdogo wangu Shakila. Na Jumanne hii inayokuja, saa tatu asubuhi, mwalimu huyo anataka kuleta darasa zima kwenye shamba la mama yangu, Bi Mwamini, eti wajifunze kwa nini mikorosho yetu mwaka huu haikuzaa. Ndugu Afisa, mikorosho yetu haikuzaa kwa sababu ya hali ya hewa. Nimeshawaeleza watu wote na wameniitikia. Jambo lililokwisha kuitikiwa halihitaji watoto arobaini na mmoja wenye daftari.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa namba, ili usinione mbabaishaji.

1. Ameua Ndiyo. Siku yake ya kwanza alifundisha jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa jua. Akamaliza, akauliza kama wameelewa. Darasa likaachia Ndiyo ya mkia, safi, mimi mwenyewe niliisikia nikiwa barabarani nikajivuna. Mwalimu wa kawaida hapo anafuta ubao. Huyu akamnyooshea kidole Filbert, mtoto wa fundi baiskeli, akamuuliza, "Umeelewa nini?"

Ndugu Afisa, hilo swali halimo. Mimi niliwaandaa watoto kwa swali la kwanza, hakuna aliyeniambia kuna la pili. Filbert akasimama, akatazama dari, akatazama dirisha, akasema, "Nimeelewa ndiyo." Mpaka leo anaitwa Nimeelewa Ndiyo, hata babu yake anamwita hivyo akimtuma maji. Na mwalimu hakumcheka wala hakumpiga. Alisema, "Basi ni mimi sikueleza vizuri," akaanza upya. Jani moja, wiki nzima. Kwa mwendo huo silabasi itakwisha Filbert ana ndevu.

2. Anasema hajui mbele ya watoto. Kuna binti anaitwa Samia, alimuuliza kwa nini mbegu ya embe imekaa ndani ya embe lakini korosho imekaa nje ya bibo, inaning'inia kama hereni. Mwalimu akasema, "Sijui. Kwetu hakuna mikorosho." Halafu akaliandika, SIJUI, kwa herufi kubwa, kwa chaki ya serikali. Mimi nimesoma shule mbili za msingi na nusu ya sekondari, sijawahi kusikia mwalimu akitamka neno hilo. Nilidhani wakiajiriwa wanaapishwa wasilitamke.

Akawatuma watoto wakaulize nyumbani. Nyumbani wakaulizwa wazee, wazee wakakosa jibu, na sasa pale kwenye kibaraza cha Mzee Masoudi bao halichezwi tena. Wanakaa na bibo moja katikati, wanaligeuza. Kijiji kimeishi na korosho toka enzi za babu zetu bila kusumbuliwa na jambo hilo hata siku moja.

3. Fimbo. Hili linanihusu kikazi. Mimi nilikuwa mkata fimbo wa shule kwa miaka mitatu, na hata nilipoacha shule waliendelea kuniagizia. Mwalimu Goreti alipofika nilimpelekea tano za mpera, nimezichonga na kuzipitisha kwenye moto, zawadi ya kumkaribisha. Akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaenda kuzisimika kwenye tuta lake zishikilie nyanya. Nyanya zimezaa, sikatai, na alituletea nyumbani bakuli zima. Lakini kila nikipita naziona fimbo zangu zimesimama pale zimekumbatiwa na majani, naona kama zimestaafu bila kufanya kazi.

4. Ugonjwa umetoka nje ya shule. Mwezi uliopita Mtendaji aliitisha mkutano wa kijiji kuhusu kisima. Akaeleza, akamaliza, akauliza kama kawaida yake, "Wananchi, tumeelewana?" Watu wazima wakaanza kuvuta pumzi waitikie. Kabla hawajaitikia, vitoto vilivyokuwa dirishani vikauliza, "Mmeelewana nini?" Mtendaji akasema watoto watoke. Lakini mzee mmoja wa nyuma akasema hebu subiri, na mimi hapo kwenye zamu za kuchota sikuelewa. Mwingine naye. Mkutano wa nusu saa ukaenda mpaka watu wakakosa chakula cha mchana.

Madrasa ni hivyo hivyo, ustadhi ananiambia siku hizi anakwenda kusoma kabla ya kusomesha. Kigangoni nako, Katekista Fransisko amenunua kitabu kipya, cha zamani hakitoshi. Yaani huyu mwalimu hajabagua dini, amewapa kazi wote.

5. Ameingia mpaka nyumbani kwetu. Mama yangu ni Mmwera wa shamba. Kiswahili chake ni cha sokoni, akikosa neno anaweka la Kimwera anaendelea na safari. Maisha yake yote akiwa mbele ya mtu wa ofisi alikuwa mtu wa ndiyo, hata kabla sijazaliwa, naamini kipaji nimekitoa kwake. Sasa Shakila amemharibu. Mwezi wa nane mama alikwenda zahanati kuchukua dawa za presha. Nesi akamwelekeza, akamuuliza, "Umeelewa bibi?" Mama akasema ndiyo, akafika mlangoni, akarudi. Akauliza hivi vyeupe ni vya asubuhi au jioni. Akaondoka, akarudi tena. Mara tatu, Ndugu Afisa. Foleni imesimama, mimi nimejificha nyuma ya bango la chanjo kwa aibu. Ni kweli toka siku hiyo hajapata kizunguzungu, na ni kweli kwamba zamani alikuwa anavimeza vyote kwa mpigo mmoja ili amalize. Lakini ile foleni, bwana.

Na Shakila mwenyewe ndiye kabisa. Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa nje na jirani yetu Mzee Rashidy, ambaye shamba lake na la mama limetenganishwa na njia ya mguu tu. Yeye mwaka huu ameokota mpaka magunia yamemwishia. Ananiuliza, huku anatafuna muhogo wetu, "Twaha mwanangu, hivi hii hali ya hewa yenu ilisomea wapi? Imefika kwenye njia, ikaangalia, ikasema kwa Rashidy sivuki." Watu wakacheka. Nikamwambia mambo ya hewa ni ya kitaalamu, mzee, hayaelezeki kwa mtu ana muhogo mdomoni.

Wakacheka tena, na nilikuwa nimeshashinda. Ndipo Shakila, ana miaka kumi na moja huyo, akaniuliza mbele yao, "Kaka, siku ile bwana shamba alipofundisha dawa za kupulizia, uliitikia ndiyo. Ulielewa nini?"

Nikamjibu ndiyo.

Akasema, "Sijauliza kama ulielewa."

Nikamtuma kuni. Kuni zilikuwepo.

6. Jumanne. Hapa ndipo nakuomba uweke miwani. Mwalimu Goreti hakutosheka na kupanga safari, ameniandikia na mimi. Karatasi ninayo. Anasema, "Kaka Twaha, kwa kuwa wewe ndiye uliyeipulizia mikorosho, watoto wanaomba uwaeleze hatua kwa hatua ulifanya nini. Usiogope, hatutafuti mkosaji, tunatafuta sababu." Hatua kwa hatua. Mimi, mbele ya Filbert, ambaye jina lake la utani limetokana na darasa langu. Mbele ya Samia wa bibo. Mbele ya mama, ambaye mwaka huu anaamka kwenda kuokota korosho kwenye mashamba ya watu wakati lake limesimama kama miavuli mitupu.

Nilikwenda shuleni kumwambia safari haiwezekani, sababu inajulikana, ni hali ya hewa. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kitu ambacho nacho si cha kialimu. Halafu akauliza, "Mvua ilizidi, au ilipungua?" Nikasema ndiyo.

Akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, na sijalala vizuri toka hapo.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Mwalimu Goreti ahamishwe kabla ya Jumanne saa tatu. Apelekwe Mbwemkuru, au avushwe kabisa mpaka Nachingwea, Mtua, ambako kuna binamu yangu Linus. Yeye ana majibu mengi na hajaulizwa kitu muda mrefu.

(b) Tuletewe mwalimu wa kawaida. Asiwe mbaya, asiwe mzuri sana, awe anafuta ubao kwa wakati.

(c) Swali la "Umeelewa nini?" lipigwe marufuku kata nzima, au liulizwe kwa wanaojiandaa tu, kwa kupewa taarifa wiki mbili kabla.

(d) Mimi nipewe barua ya kutambuliwa. Naambiwa siku hizi walimu ni wachache na madarasa yamejaa. Angalia nilichokupunguzia. Mwalimu mmoja kwa watoto mia anaweza kufundisha bila shida yoyote kama watoto wote wanajua Ndiyo ya mkia. Ukienda mbele zaidi, hata huyo mwalimu mmoja si lazima. Kinatosha kipaza sauti kinachouliza "Tumeelewa?" kila baada ya dakika arobaini. Na ukienda mbele zaidi ya hapo, watoto nao wanaweza kubaki nyumbani wakaitikia wakiwa huko huko. Shule itabaki safi, madawati hayatavunjika, na silabasi itakwisha Januari.

Naamini ofisi yako imenielewa. Usinijibu umeelewa nini.

Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi na yule dada wa mhuri, na pikipiki ya ofisi, niliiona inachechemea. Msalimie Mwalimu Mkuu, mwambie ile ndoo ya bustani ipo kwangu na haijatoboka sana. Wasalimie walimu wote waliofuta ubao walipotuona tumechoka.

Ni mimi, mwalimu mwenzio asiye na chaki,

Twaha Shaban
(sahihi ni hiyo yenye mkia)

NYONGEZA. Barua hii sikuituma jana. Nilimpa Shakila aniangalizie herufi, maana mimi l na r huwa zinanichanganya. Amesahihisha mbili. Halafu kila mahali nilipoandika hali ya hewa amepazungushia duara kwa penseli, na pembeni ameweka alama ya kuuliza. Amenirudishia, akaenda kumsaidia mama kumenya mihogo, maana mama ameshapata habari za Jumanne na anataka wageni wake wale.

Kwa hiyo Mwalimu Goreti msimhamishe. Yaliyo juu yafute, wewe ni mtu wa elimu, kufuta unajua. Ile (d) unaweza kuiacha kwanza.

Maana ilikuwa hivi. Mwezi wa sita bwana shamba alikuja akatukusanya kiwanjani. Alikuwa na chupa mbili, moja ya kupulizia maua ya mikorosho, nyingine ya kuua magugu. Chupa zinalingana, vifuniko vyote vyekundu, maandishi Kiingereza, madogo kama sisimizi. Alieleza mbio mbio, alikuwa anasubiriwa kwingine. Akauliza, "Tumeelewana?" Mimi nikaachia ile ya mkia, kwa sauti ya kwanza, kiwanja kizima kikanifuata, naye akawasha pikipiki. Baadaye wenzangu walimfuata bwana shamba kwa simu, au walimuuliza aliyesoma. Mimi nilikuwa nimeshaitikia, ningeulizaje tena. Mikorosho arobaini na miwili ya mama niliipulizia mwenyewe siku mbili, naimba, na siku ya tano maua yote yalikuwa yamekauka kama yamepitiwa na pasi. Chupa ile ninayo, nimeificha chini ya kitanda. Jumanne nitakuja nayo.

Kuna kitu kimoja tu Shakila hakijui, na sikukiandika huko juu. Pale kiwanjani mama alikuwa amekaa mbele yangu, na bwana shamba alipouliza kama tumeelewana, mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikaona atachanganya Kimwera na watu watacheka. Nikamshika kiwiko, nikaushusha mkono, nikamwambia mama tulia, tumeelewa. Maua yalipokauka ndipo nikamuuliza siku ile alitaka kusema nini. Alitaka kuuliza ipi ni ya maua.